Filamu za Tashtiti Kuhusu Televisheni ya Uhalisia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo watu huuliza baada ya kutazama filamu za tashtiti, yaani za kejeli, zinazoishambulia televisheni ya uhalisia, au kabla hawajaamua kama wazitazame. Majibu yana msimamo, kwa sababu suala lenyewe linahusu watu walioumia kweli. Baadhi ya majibu yanagusa miisho ya filamu.

Filamu hizi ni za aina gani hasa?

Ni filamu zinazochukua kipindi cha watu wa kawaida, kile cha nyumba yenye kamera kila pembe au shindano la kutoana mmoja mmoja, na kukisogeza mbele kidogo kuliko kilipofikia. Kidogo tu. Kipindi halisi kikimtoa mshiriki kwa kura, filamu humtoa kwa risasi, na mengine yote hubaki vilevile: mtangazaji mchangamfu, muziki wa kusisimua, matangazo ya biashara, mahojiano ya faragha mbele ya kamera.

Mfano ulio wazi ni *Series 7: The Contenders* ya Daniel Minahan, ya mwaka 2001. Watu watano wanateuliwa kwa bahati nasibu, wanapewa silaha, na wanatakiwa kuuana wao kwa wao pamoja na bingwa mtetezi, mwanamke aitwaye Dawn mwenye mimba ya miezi minane. Mwanzoni kabisa Dawn anaingia kwenye duka dogo, anampiga mtu risasi, kisha anamgeukia muuzaji na kumuulizia kitu cha kula, kana kwamba ndilo jambo pekee lililomleta pale. Filamu nzima imeundwa kama vipindi vinavyorushwa mfululizo, kwa hiyo hatupati nafasi ya kukaa nje ya kipindi na kupumua. Damu tumeiona katika filamu nyingi. Kinachoumiza hapa ni kwamba mauaji yamekuwa ratiba, na watu wameizoea ratiba hiyo.

Zilianza baada ya vipindi hivi kupata umaarufu?

Zilitangulia, tena kwa miaka mingi. Mwaka 1970 televisheni ya Ujerumani Magharibi ilirusha *Das Millionenspiel*, filamu iliyotungwa kwa umbo la shindano la moja kwa moja: mwanamume anawindwa na wauaji kwa wiki moja, na akiokoka anapata Mark milioni moja. Ilikuwa na mtangazaji, wacheza ngoma na matangazo ya bidhaa za kubuni. Baada ya kurushwa, kuna watazamaji waliowasiliana na kituo wakiomba kushiriki, wengine kama wawindwa na wengine kama wawindaji. Huwa nawaambia wanaosema filamu hizi zinatia chumvi waanzie hapo.

Ikafuata *Network* mwaka 1976, iliyoandikwa na Paddy Chayefsky na kuongozwa na Sidney Lumet. Mtangazaji wa habari aliyechoka na maisha anatamka hewani kwamba atajiua. Badala ya kumpeleka kwa daktari, kituo kinampa kipindi chake, maana idadi ya watazamaji imepanda. Inaposhuka, wakubwa wa kituo wanakaa kikao na kuamua auawe. Kikao hicho ndicho sehemu ya kutisha kuliko zote: watu wenye suti wanajadili mauaji kwa sauti ya watu wanaojadili bajeti.

Wakati huo televisheni ya uhalisia ilikuwa bado changa mno. Marekani ilikuwa imeona familia moja ikirekodiwa nyumbani kwake katika mfululizo wa PBS, televisheni ya umma ya huko, wa mwaka 1973, na ndoa ya familia hiyo ikavunjika mbele ya kamera. *Big Brother*, kipindi cha watu waliofungiwa katika nyumba yenye kamera, ilianza Uholanzi mwaka 1999. Waandishi wa filamu hawakuwa na uwezo wa kutabiri. Waliijua biashara ya matangazo, wakajiuliza itafika wapi ikiachwa iende inakotaka.

Mshiriki si amesaini mwenyewe? Kwa nini nimwonee huruma?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na kwangu ndilo kiini cha aina hii ya filamu.

Kusaini si sawa na kuridhia. Ili mtu aseme ameridhia, lazima ajue anachokubali, awe na njia ya kukataa, na abaki na haki ya kujitoa. Filamu nzuri huchukua sharti mojawapo kati ya haya na kuling'oa, halafu hutuacha tutazame kinachotokea. Katika *The Truman Show* ya Peter Weir (1998), Truman hajui lolote. Amelelewa na kampuni iliyomchukua kisheria akiwa mtoto mchanga, na kila mtu anayemfahamu ni mwigizaji anayelipwa. Kuna wakati anagombana na mke wake jikoni, amechanganyikiwa, anataka jibu la kweli. Mke anainua boksi la kinywaji cha kakao na kulisifia kwa sauti ya tangazo. Truman anamuuliza anaongea na nani. Sijaona tukio linaloeleza vizuri zaidi maana ya kuishi ndani ya bidhaa ya mtu mwingine.

Katika *La Mort en direct* ya Bertrand Tavernier (1980), ni haki ya kujitoa ndiyo inayokosekana. Mwanamke anayeambiwa anakaribia kufa anatakiwa na kituo cha televisheni ili kifo chake kiwe kipindi. Anakimbia. Kituo kinamtumia mwanamume aliyepandikizwa kamera machoni, anayejifanya rafiki njiani, na kila anapomtazama kwa huruma, huruma hiyo inarushwa hewani.

Sasa rudi kwenye vipindi halisi. Mikataba ya washiriki mara nyingi humpa mtayarishaji ruhusa ya kumwonyesha mtu kwa namna yoyote, hata ya kumdhalilisha au isiyo ya kweli, na humfunga mdomo baadaye. Anayesaini mara nyingi ni kijana, ana haraka, anaogopa kwamba akiuliza sana nafasi itaenda kwa mwingine. Hajui kipindi kitamfanya nani, kwa sababu uamuzi huo hufanywa baada ya yeye kurudi nyumbani, katika chumba cha uhariri. Ameridhia kitu ambacho bado hakipo.

Mahakama imewahi kuligusa jambo hili. Tarehe 3 Juni 2009, Mahakama ya Juu ya Rufani ya Ufaransa iliamua kwamba washiriki wa kipindi cha wapenzi waliopelekwa kisiwani walikuwa waajiriwa, ingawa walisaini karatasi iliyowaita washiriki tu. Mahakama iliangalia hali yao ilivyokuwa: walipangiwa muda, walitakiwa kuwa tayari wakati wote, walikatazwa kutoka eneo la kurekodia na kuwasiliana na watu wa nje. Anayeishi chini ya amri za mwingine anafanya kazi, karatasi iseme itakavyo. Hoja hiyo ndiyo filamu hizi zimekuwa zikiitoa kwa miaka yote kwa njia ya hadithi.

Uhariri unawezaje kumgeuza mtu kuwa mbaya?

Kwa urahisi kuliko wengi wanavyodhani. Tuseme mshiriki amesema: "Nikiwa na njaa simwelewi kabisa mwenzangu, ila ndiye mtu ninayemwamini humu ndani." Mhariri anakata maneno ya mwanzo na ya mwisho. Kinabaki "simwelewi kabisa mwenzangu." Kisha anachukua picha ya mwenzake akikunja uso, picha iliyopigwa siku nyingine kwa sababu ya jua kali, na kuiweka mara baada ya maneno hayo. Ugomvi umezaliwa, na hakuna hata neno moja lililotungwa.

Ukitaka kuutambua mchezo huu, angalia mdomo wa anayeongea. Pale sauti inapoendelea lakini picha ikahamia kwenye uso wa mtu mwingine, au dirishani, au kwenye kikombe mezani, mara nyingi ndipo sentensi mbili zimeshonwa pamoja. Sikiliza pia kama sauti ya chumba imebadilika ghafla katikati ya sentensi. Angalia nguo na nywele katika tukio moja. Ukishazoea, hutaweza tena kutazama vipindi hivi kama zamani, na nadhani hiyo ni faida.

*Series 7* inautumia mchezo huu waziwazi. Watu wanaokaribia kuuana wanapewa vipande vya utotoni, mapenzi ya zamani, muziki laini. Hadithi ya mapenzi inapachikwa kwa sababu kipindi kinaihitaji.

Kwa hiyo mwenye hatia ni mtazamaji?

Filamu nyingi za aina hii humalizia kwa kumgeuzia kamera mtazamaji. *The Truman Show* inafunga kwa walinzi wawili waliokuwa wameganda mbele ya runinga. Kipindi kikikatika, wanatafuta kingine cha kutazama. Ni funzo linalouma na lina ukweli ndani yake.

Lakini mimi sikubaliani na anayeishia hapo. "Watu ndio wanaotaka" ni kauli ambayo watayarishaji wamejifichia kwa muda mrefu. Mtazamaji hakuandika mkataba. Hakukaa chumba cha uhariri. Hakuamua kwamba mshiriki anyimwe usingizi au apewe pombe kabla ya mazungumzo magumu. Anaonyeshwa bidhaa iliyokamilika na kuambiwa ni maisha ya kweli. Kumpa yeye hatia sawa na mwenye kituo ni kuwagawia wengi dhambi ya wachache mpaka isionekane tena.

Ndiyo maana naithamini *Network* kuliko nyingine. Inatuonyesha watazamaji wakipiga kelele madirishani, ndiyo, lakini inakaa muda mrefu zaidi ofisini, kwa watu wenye majina na vyeo.

Kuna jaribio moja linalosaidia kuelewa nguvu ya ofisi hiyo. Mwaka 2010 kituo cha France 2 kilionyesha filamu ya makala, *Le Jeu de la mort*, iliyowaalika watu kwenye shindano la kubuni. Waliambiwa wampige mshiriki mwingine shoti ya umeme kila anapokosea jibu. Mshiriki huyo alikuwa mwigizaji na umeme haukuwepo, ila wao hawakujua. Takribani wanane kati ya kumi walifika kiwango cha juu kabisa, huku mtangazaji akiwahimiza na hadhira ikishangilia. Lilifuata mtindo wa majaribio ya Stanley Milgram ya miaka ya 1960 kuhusu utii, isipokuwa mwanasayansi sasa amempisha mtangazaji mwenye kipaza sauti. Kwangu hilo linasema mengi juu ya mamlaka ya anayeongoza studio, na machache juu ya roho mbaya ya watu.

Je, kuna madhara ya kweli yaliyotokea, au ni hadithi tu?

Yapo, na nayataja bila majina ya waliofariki kwa sababu familia zao zimeshatajwa vya kutosha.

Mwaka 1997 Uswidi ilirekodi *Expedition Robinson*, kipindi cha kwanza cha mfumo ambao baadaye ulijulikana kama *Survivor*. Mshiriki wa kwanza kupigiwa kura ya kutoka alijiua kabla kipindi hakijarushwa. Mwezi Mei 2019 kituo cha ITV cha Uingereza kilifuta *The Jeremy Kyle Show*, kipindi cha mazungumzo kilichokuwa hewani tangu 2005, baada ya kifo cha mgeni aliyepimwa kwa mashine ya kugundua uongo studioni. Mwaka 2020 mwanamieleka kijana wa Japani, mshiriki wa kipindi cha vijana wanaoishi nyumba moja, alifariki baada ya matusi mengi mtandaoni yaliyofuata tukio moja lililorushwa. Mwaka 2022 bunge la Japani liliongeza adhabu ya kosa la kutukana hadi kifungo cha mwaka mmoja.

Kuna kilichobadilika pia. Tangu Aprili 2021 kanuni za Ofcom, msimamizi wa utangazaji Uingereza, zinavitaka vituo vijali ustawi wa washiriki walio katika hatari ya kuumia kwa kushiriki. Inamaanisha kupima hatari mapema, kumweleza mtu athari zinazoweza kumpata, na kutomwacha mara kamera zikizimwa. Ni mwanzo mzuri. Ilichukua vifo kufika hapo.

Ni kweli kuna kipindi kilichotaka kutoa figo kama zawadi?

Ni kweli kilirushwa, na kilikuwa mtego. Tarehe 1 Juni 2007 kituo cha BNN cha Uholanzi kilionyesha *De Grote Donorshow*. Mwanamke aliyesemekana kuwa mahututi alikuwa achague nani kati ya wagonjwa watatu apewe figo yake, na watazamaji walituma ujumbe wa simu kumshauri. Kabla ya kurushwa wanasiasa walitaka kizuiwe, na vyombo vya habari vya dunia vililaani. Karibu na mwisho, mtangazaji akatamka kwamba mwanamke yule ni mwigizaji. Wagonjwa watatu walikuwa wa kweli, walihitaji figo kweli, na walijua mpango mzima.

Lengo lilikuwa kuonyesha uhaba wa viungo. Mwanzilishi wa kituo hicho, Bart de Graaff, alifariki mwaka 2002 kwa ugonjwa wa figo, na kipindi kilirushwa takribani miaka mitano baadaye. Maelfu ya watu waliomba fomu za kuwa wachangiaji.

Mimi naona ni tashtiti iliyofaulu kuliko filamu nyingi, kwa sababu ilikamata pande zote mbili kwa wakati mmoja: ulimwengu uliamini mara moja kwamba kituo kingeweza kufanya hivyo, na hasira iliyoelekezwa kwa kipindi haikuwa imewahi kuelekezwa kwa foleni ya wagonjwa. Anayesema walichezea huzuni ya watu ana hoja, ila waliokuwa na haki ya kwanza ya kukasirika ni wagonjwa, nao ndio waliokubali wakijua.

Filamu yenyewe haifanyi kosa lilelile inalolikemea?

Wakati mwingine hufanya. *Live!* ya Bill Guttentag (2007) inamfuata bosi wa televisheni, akiigizwa na Eva Mendes, anayetaka kurusha mchezo wa bastola yenye risasi moja, washiriki wakijilenga kichwani kwa zamu. Sehemu ya kwanza ni kali: mikutano na wanasheria, hoja za uhuru wa kujieleza, hesabu za wadhamini. Lakini mchezo unapoanza, filamu inatushikilia kwa njia zilezile za kipindi, historia fupi ya kila mshiriki na ukimya kabla ya kuvuta kifyatulio. Tunasubiri kuona nani atakufa.

Wengine husema hilo ndilo kusudi. Mimi hujiuliza jambo moja: je, filamu imenipa kitu ambacho kipindi kisingenipa kamwe? Kikao cha wanasheria, ndiyo. Kifyatulio, hapana. Filamu ikitumia muda mwingi zaidi kwenye kifyatulio kuliko kwenye kikao, imeshavuka mstari.

Vipindi vyote vya uhalisia ni vibaya?

La. Kuna mashindano ya mapishi, ushonaji na ujenzi ambayo mtu hutoka akiwa na heshima yake. Tofauti ni kama kipindi kinahitaji mshiriki avunjike ndipo kiwe kizuri.

Zinafaa kwa watoto na vijana?

*The Truman Show* inafaa kwa familia yenye vijana. *Series 7* na *Live!* ni za watu wazima. *Network* haina damu nyingi, ila inazungumzia kujiua tangu dakika za mwanzo, kwa hiyo anayepitia kipindi kigumu asiitazame peke yake.

Nianze na ipi?

Kwa anayeanza, *The Truman Show*, kisha *Network*. Ukitaka iliyo karibu na mtu wa kawaida, tafuta *Reality* ya Matteo Garrone (2012). Muuza samaki wa Napoli anafanyiwa usaili wa *Grande Fratello*, yaani *Big Brother* ya Italia, na wakati akisubiri majibu anaanza kuamini kwamba kila mgeni anayepita ni mpelelezi wa kipindi aliyekuja kupima tabia yake. Anagawa vyombo vya nyumbani kwa maskini ili aonekane mwema. Hakuna anayekufa, hakuna kamera iliyomfuata, na bado kipindi kimemmaliza. Mwigizaji mkuu, Aniello Arena, alikuwa anatumikia kifungo cha maisha, akiruhusiwa kutoka gerezani ili kuigiza. Mtu anayelindwa saa zote akiigiza mtu anayetamani kutazamwa saa zote: uso wake unabeba jambo ambalo mwongozaji asingeweza kuliandika.

Nimealikwa kushiriki kipindi halisi. Nifanye nini kabla ya kusaini?

Omba mkataba uupeleke nyumbani. Ukiambiwa usaini palepale, umeshapata jibu la maswali mengine yote. Mpe mwanasheria asiyelipwa na kipindi ausome, hasa vifungu vya namna utakavyoonyeshwa, vya kutoongea baadaye, na vya faini ukijitoa.

Uliza kama kuna mtaalamu wa saikolojia, nani anamlipa, na kama atapatikana baada ya kipindi kurushwa, maana wiki hizo za matusi ndizo ngumu kuliko za kurekodi. Uliza utalala saa ngapi, simu yako itakaa kwa nani, na ndugu zako wakuite vipi kukitokea dharura. Tafuta mtu aliyewahi kushiriki misimu iliyopita uongee naye bila mtayarishaji kuwepo. Halafu mwachie mtu mmoja unayemwamini nakala ya mkataba na namba ya simu ya mtayarishaji, na mkubaliane mapema ni dalili gani akiziona hewani aje akutoe.